Dozi moja, mbili au tatu: kisa cha utafiti wa chanjo ya HPV Mwanza

Kati ya Februari 2017 na Januari 2018, wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waliandikishwa katika utafiti wa chanjo unaojulikana kwa jina la DoRIS. Kura iliwagawa katika makundi 6, kila moja likiwa na wasichana 155. Makundi 3 yalichanjwa Cervarix na mengine 3 Gardasil 9. Kwa kila chanjo, kundi moja lilipata dozi 1, la pili dozi 2, la tatu dozi 3. Hakuna aliyedungwa maji badala ya chanjo. Baada ya hapo walitolewa damu kwa vipindi, mwaka hadi mwaka, ili ipimwe kama mwili umejenga kingamwili dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kama kingamwili hizo zinadumu. Kazi hiyo iliendeshwa na MITU, kituo cha utafiti kilichopo Mwanza ambacho ni ubia wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na London School of Hygiene and Tropical Medicine. Aliyeiongoza ni Deborah Watson-Jones, mtafiti ambaye jina lake limo katika tafiti nyingi za jiji hili.

Sasa isome aya hiyo kama anavyoisoma mzazi wa Igoma au Buhongwa. Watoto wa kike. Sindano. Kura. Damu. London. Na miongoni mwa wafadhili, taasisi ya Bill Gates. Mzazi asiyeshtuka hata kidogo, mimi nina shaka naye.

Kila utafiti unapozua maneno huwa yapo maelezo yaliyokwisha kuandaliwa: wananchi hawana elimu ya sayansi, wakielimishwa watatulia. Nimeyasikia kwenye semina, nimeyasikia redioni, na wanaoyasema huwa hawana nia mbaya. Ila kisa cha DoRIS kinaonyesha kwamba yana nusu tu ya ukweli. Kwa mtu anayefuatilia jambo hili hatua kwa hatua, elimu inazima hasira moja na papo hapo inawasha nyingine, na hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza kwa sababu ina hoja. Ukizichanganya zote mbili ukaziita ujinga, unakuwa umemjibu mtu swali ambalo hakuuliza.

Hasira ya kwanza: uzazi na damu

Chanjo ya HPV hutolewa bure, mara nyingi shuleni, kwa wasichana wanaokaribia kuvunja ungo au waliovunja karibuni. Kaka zao wa darasa hilo hilo wanaambiwa wabaki wakiendelea na hesabu. Mtu asiyejua HPV ni nini ana kila sababu ya kujiuliza ni kitu gani kinachowahusu wasichana wa umri huo peke yao, na jibu lililo karibu ni uzazi. Uvumi wa ugumba hauhitaji mchochezi. Mpangilio wa zoezi lenyewe unautunga.

Jirani zetu wa Kenya walipitia jambo la namna hiyo mwaka 2014. Maaskofu wa Kanisa Katoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake wa umri wa kuzaa, wakidai imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali ilikuwa na sababu ya kitabibu ya kuwachagua wanawake hao, kwani pepopunda inaua watoto wachanga na kinga ya mama humfikia mtoto. Lakini sababu hiyo ilifika baada ya tuhuma. Na hapa Tanzania, mwaka 2008, Morogoro ilishuhudia ghasia katika shule za msingi watoto walipopewa dawa za kichocho. Hiyo ilikuwa dawa ya ugonjwa wenye jina la Kiswahili, ambao kila mtu wa kandokando ya ziwa anaujua. Fikiria basi chanjo ya kirusi ambacho wazazi wengi hawajawahi kukisikia, dhidi ya saratani itakayokuja, ikija, baada ya miaka 20.

Halafu damu. Hadithi za mumiani zina umri mkubwa kuliko uhuru wetu: watu wenye gari, wenye vifaa, wanaochukua damu ya watu wa kawaida na kuipeleka mahali inakogeuzwa fedha. Wengi tuliokulia Kanda ya Ziwa tulitishwa nazo ili tusizurure jioni. Damu ya wasichana wa DoRIS kweli iliondoka nchini. Kingamwili zilipimwa katika maabara ya Frederick, jimbo la Maryland, Marekani. Mzazi akilipata jambo hilo kwa muuguzi wa utafiti, akaelezwa na sababu, ni taarifa. Akilipata kwenye simu ya jirani, ni ushahidi.

Elimu inafanya nini hapa? Inafanya kazi kubwa, na sitaki kuibeza. HPV ni kirusi kinachoenezwa kwa ngono, kina aina nyingi, na aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Harald zur Hausen, Mjerumani aliyeonyesha uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2008. Ndani ya chanjo hamna kirusi kizima wala kilichouawa. Kuna ganda lake la nje tu, protini iliyotengenezwa maabara na isiyo na vinasaba ndani, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Mwili unaliona ganda, unaandaa kingamwili, basi. Hakuna homoni. Na ugonjwa wenyewe si wa kubuniwa: makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka Tanzania kwenye wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka. Nani hajui nyumba moja iliyouguza mwanamke kwa ugonjwa huu, Bugando au, miaka ya nyuma, kwa safari ndefu ya Ocean Road, Dar es Salaam?

Mwenye uvumi wa ugumba, basi, amekosea kuhusu kilichomo ndani ya bomba la sindano. Kanuni anayoisimamia ni sahihi kabisa: usiguse uzazi wa mtoto wa mwenzio, tena kwa siri. Hata bingwa wa maadili ya tiba hana kanuni bora kuliko hiyo. Kilichokuwa na kasoro ni taarifa iliyowekwa mbele ya kanuni. Ukibadilisha taarifa, hukumu inageuka bila mtu kubadili imani yake hata moja. Ndiyo maana kumwita mjinga ni kosa la adabu na la mbinu pia.

Kuna jambo moja lakini ambalo waelimishaji wa chanjo hii, si wa Mwanza tu, wamelifanya kwa nia njema na ambalo naliona lina madhara. Wanapenda kuisema saratani na kuiruka ngono. Chanjo inatangazwa kuwa ya saratani, mzazi anakubali, na baadaye anagundua kwamba kirusi chenyewe ni cha zinaa na kwamba mtoto wake wa miaka 9 amekingwa mapema kwa sababu kinga hufaa kabla ya kuanza ngono. Jambo hilo lina maelezo mazuri. Lakini likija kwa kuchelewa linakuja na swali: kama hili walilificha, lipi jingine? Elimu ya nusu inaweza kuharibu kuliko kutokuwa na elimu, maana mtu asiyejua anashuku tu, na aliyeambiwa nusu anajua amefichwa.

Januari 2021, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi Chato, upande wa pili wa maji kutoka Mwanza, kwamba chanjo hazifai, na kwamba kama wazungu wangekuwa na uwezo huo wangekwisha kuleta chanjo ya ukimwi, ya malaria na ya saratani. Alikuwa akizungumzia korona. Siku hiyo hiyo wasichana wa DoRIS walikuwa na miaka 3 hadi 4 tangu wachanjwe dhidi ya kirusi cha saratani, na chanjo yenyewe ilikuwa katika ratiba ya taifa. Sisemi hili kumcheka marehemu. Nasema kwamba habari ya kuwapo kwa chanjo inayokinga saratani haikuwa imeenea kiasi cha kumzuia mkuu wa nchi kusema vile mbele ya umati.

Hasira ya pili: kumpunja mtoto

Sasa mchukue mtu ambaye amevuka hayo yote. Anajua HPV ni nini, haogopi ugumba, hana habari na mumiani. Mazungumzo haya nimeyatunga, ila anayeishi Mwanza hatayaona mageni. Ni mama wa msichana na kaka yake, yaani mjomba wa mtoto, ambaye ni mwalimu wa sekondari.

"Dada, hiyo karatasi umeisoma yote?"

"Nimeisoma, na yule nesi akanielezea tena."

"Chanjo hii Shirika la Afya Duniani wanasema mtoto apate ngapi?"

"Mbili."

"Na wa kwako atapata ngapi?"

"Kura ndiyo itasema, kaka. Inaweza kuwa moja, mbili, hata tatu."

"Basi akiangukia moja wanampunja, halafu kila mwaka wanakuja kumtoa damu waone wamempunja kiasi gani."

Huyo mjomba si mtu wa uvumi. Kila alichosema kuhusu mwaka 2017 ni kweli. Chanjo ilipoingia sokoni mwaka 2006 ilikuwa ya dozi 3. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishusha hadi 2 kwa walio chini ya miaka 15. Dozi 1 haikuwa pendekezo la yeyote. Ameelewa sayansi kuliko dada yake, na kwa sababu hiyo hiyo ana hasira kuliko dada yake. Ukimpa kipeperushi kinachosema chanjo ni salama, atakurudishia.

Kumjibu kunahitaji historia, na historia hiyo ina ajali mbili ndani yake.

Ya kwanza ni ya Costa Rica. Mwaka 2004 na 2005 wanawake 7,466 wa miaka 18 hadi 25 waliandikishwa katika jaribio la chanjo ya dozi 3. Karibu mmoja kati ya 5 hakumaliza, baadhi kwa sababu walipata mimba, wengine kwa sababu walipelekwa kuchunguzwa zaidi hospitali. Watafiti walipowafuatilia hao, wakakuta, kwa matokeo yaliyotoka 2011, kwamba waliopata dozi 1 peke yake walikingwa kama wenzao. Hakuna aliyekuwa amepanga iwe hivyo. Na kwa kuwa haikupangwa, ushahidi ulikuwa na tundu: pengine waliokatiza chanjo walikuwa tofauti na waliomaliza tangu mwanzo.

Ajali ya pili ni ya India, na hii inastahili kusimuliwa taratibu, kwa kuwa ndiyo iliyozaliwa na hasira ya umma yenyewe.

Mwaka 2009 kulikuwa na kazi mbili tofauti za chanjo ya HPV nchini India. Moja ilikuwa mradi wa shirika la Kimarekani la PATH, katika wilaya ya Khammam, jimbo la Andhra Pradesh, na Vadodara, Gujarat. Nyingine ilikuwa jaribio la shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, lililolinganisha dozi 2 na dozi 3 kwa wasichana wa miaka 10 hadi 18. Katika mradi wa PATH wasichana 7 walifariki. Habari zikasambaa kwamba chanjo imeua. Aprili 2010 serikali ikasimamisha kila kitu, pamoja na jaribio la IARC ambalo halikuhusika na vifo hivyo.

Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba vifo havikutokana na chanjo. Mmoja alizama majini. Mmoja aliumwa na nyoka. Wapo waliokunywa sumu. Mmoja alikuwa na malaria. Mtu aliyefundishwa takwimu angeweza kusema tangu siku ya kwanza kwamba ukichanja wasichana zaidi ya elfu 20 na kuwafuatilia kwa miezi, wachache watafariki kwa sababu zao, kama ambavyo wangefariki bila chanjo. Hasira ilielekezwa mahali pasipo.

Ila uchunguzi huo huo, na baadaye ripoti ya kamati ya bunge ya mwaka 2013, ulionyesha jambo jingine. Watoto wengi wa Khammam walikuwa wakilala bwenini, wakitoka katika jamii maskini za makabila ya pembezoni, na fomu nyingi za ridhaa zilitiwa saini na walezi wa mabweni na walimu wakuu. Wazazi hawakuulizwa. Umma ulihisi kuna uonevu, ukautafuta ndani ya chupa ya chanjo, kumbe ulikuwa kwenye karatasi. Mimi hapa nasita kusema walikosea. Walikosea sababu ya vifo. Kwamba kuna mtoto wa maskini aliyetumiwa bila wazazi wake kuulizwa, hilo walilinusa sawasawa.

Kusimamishwa kwa jaribio la IARC kuliwaacha wasichana maelfu wakiwa wamepata dozi 1 tu. Watafiti wakaendelea kuwafuatilia. Miaka 10 baadaye, kwa ripoti ya 2021, dozi hiyo moja ilikuwa imewakinga dhidi ya maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 95. Kelele za Khammam ndizo zilizolizalia dunia kundi la dozi moja.

Kwa hiyo mwaka 2017 mtu mwaminifu angemjibu mjomba hivi: hatujui kama dozi 1 ni pungufu. Tuna dalili kutoka Costa Rica kwamba inatosha, na India inaelekea huko huko, lakini makundi yote mawili yalitokea kwa ajali na hakuna lililotoka Afrika. Ndiyo maana tunapiga kura.

Kura

Neno hilo linauma. Kusema dozi za mtoto zitaamuliwa kwa kura kunasikika kama kucheza bahati nasibu na mwili wake, na nadhani hapa ndipo elimu ya sayansi inapofika mahali pagumu kuliko kote. Kueleza kirusi ni rahisi. Kueleza kwamba daktari, yule anayepaswa kujua, hajui, na ndiyo sababu anaacha kura iamue ili upendeleo wake mwenyewe usiingie, ni kumtaka mtu abadili namna anavyomwona daktari.

Kina mama wa sokoni wana jambo linalokaribia hapo. Kwenye upatu, nani aanze kupokea huamuliwa kwa kura, na hakuna anayenuna, kwa kuwa kura haina shangazi. Lakini mfano huo unafika nusu ya njia tu. Katika upatu kila mtu anajua kupokea mapema ndiko bora. Katika utafiti wa haki, hakuna anayejua kundi lipi ni bora, na siku atakapojua hana ruhusa ya kuendelea kupiga kura. Mjomba akilikamata hilo, swali lake linageuka. Badala ya kuuliza kwa nini mnampunja, atauliza: mnathibitishaje kwamba kweli hamjui? Hilo ndilo swali ambalo kamati ya maadili inalipwa kuliuliza.

Na angeweza kuongeza jingine. Mwaka 2017 nchi haikuwa na chanjo hii katika ratiba ya taifa, kwa hiyo msichana wa DoRIS aliyepata dozi 1 alikuwa amepata zaidi ya jirani yake ambaye hakupata kitu. Aprili 2018 serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 kwa dozi 2. Siku hiyo mizani ilihama. Msichana wa nje ya utafiti akifika miaka 14 anapata mbili, wa kundi la kwanza ana moja. Utafiti haukubadilika, nchi ndiyo iliyobadilika, na uzito wa kimaadili wa kundi la dozi moja ukabadilika pamoja nayo. Mtu mwenye hofu ya ugumba hawezi kuliona jambo hili. Linaonekana kwa anayefuatilia.

Kwa nini sisi

"Kwa nini Mwanza?" ni swali linaloulizwa kwa sauti ya lawama, nalo lina majibu mawili ambayo hayana ladha moja.

La kwanza ni la kibaiolojia. Wasichana wa huku wanaishi na malaria, minyoo na kichocho, na magonjwa hayo yanaweza kubadilisha namna mwili unavyoipokea chanjo. Huwezi kuchukua jibu la Costa Rica ukalibandika Mwanza bila kupima. Kutopima kungekuwa ndiko kutojali. Ila saratani yenyewe huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza, na watoto wa miaka 9 hadi 14 hawapaswi kusubiriwa waambukizwe ili kuhesabiwa. Kilichofanywa ni kulinganisha damu: kiwango cha kingamwili za msichana wa Mwanza kiwekwe kando ya kile cha wanawake wa Costa Rica na wasichana wa India ambao tayari inajulikana walikingwa. Ulinganisho huo una maana tu ikiwa sampuli zote zimepimwa maabara moja kwa njia moja. Hiyo ndiyo safari ya damu kwenda Frederick. Ina sababu, na sababu yenyewe ni ya kuwalinda watoto wasigeuzwe kipimo cha ugonjwa.

Jibu la pili ni fedha. Swali la dozi moja liliulizwa kwa nguvu kwa ajili ya nchi ambazo dozi mbili zilikuwa mzigo, wakati ambapo chanjo hii ilikuwa adimu duniani. Mtu akisema hapo kuna harufu ya maskini kutafutiwa kiasi cha chini kinachowatosha, simkatalii haraka. Ninachoweza kumwonyesha ni kwamba jibu halikubaki kwa maskini. WHO, baada ya washauri wake kukutana Aprili 2022 wakiwa na data za Mwanza miongoni mwa ushahidi, iliruhusu dozi 1. Uingereza yenyewe ilihamia dozi 1 kwa vijana wake mwaka 2023, Tanzania Aprili 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mjomba angenikumbusha kwamba foleni ya kupimwa ilianzia upande gani. Sawa.

Kisumu, mwambao huo huo wa ziwa, walikuwa na njia nyingine. Ni mojawapo ya vituo 3 vya utafiti wa KEN SHE wa Kenya, wenye wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 ambao walikwisha kuanza ngono. Kule walilinganisha dozi 1 ya HPV na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na kundi la pili lilipewa ya HPV baadaye. Waliweza kuhesabu maambukizi halisi, na kinga ilifikia asilimia 97.5 katika miezi 18. Lakini ili kuipata namba hiyo, wapo wanawake waliosubiri bila kinga. Kimaadili naiona DoRIS nyepesi kuliko KEN SHE, na KEN SHE ndiyo iliyotoa ushahidi ulio wazi zaidi. Sishangai kwamba wapo wanaopima kinyume changu.

Matokeo hayaoshi

Matokeo ya DoRIS ya miezi 24 yalichapishwa mwaka 2022. Karibu wasichana wote, takribani 98 au zaidi kwa kila 100 katika kila kundi, walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16 na ya 18. Kiwango cha kingamwili kwa waliopata dozi 1 kilikuwa cha chini kuliko cha waliopata 2 au 3, lakini kilitulia na kubaki hapo. Maelezo hayo ya mwisho huwa yanaachwa kwenye taarifa za redio, na ni kosa. Anayesikia "sawasawa" leo na kesho akasoma "cha chini" atajiona amedanganywa, wakati wataalamu wangeweza kumwambia tangu mwanzo kwamba kiwango cha juu si lazima kiwe kinga ya juu.

Wapo wanaoyatumia matokeo haya kufunga mjadala: mmeona, dozi moja inatosha, mlikuwa mnapiga kelele za nini? Hoja hiyo siikubali. Utafiti unahukumiwa kwa kilichojulikana siku fomu ilipotiwa saini. Kama DoRIS ilikuwa halali mwaka 2017, ingebaki halali hata kama dozi moja ingeshindwa, na kama ilikuwa dhuluma, namba ya 98 haiisafishi. Mimi naiona ilikuwa halali: kila mtoto alipata chanjo iliyothibitishwa, mzazi aliulizwa na mtoto mwenyewe aliulizwa, na swali lilikuwa la kweli. Hayo matatu ndiyo Khammam ilikosa mojawapo, na moja lilitosha kuiharibu.

Yapo yanayobaki. Kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya iko chini ya NIMR, na NIMR ndiyo mbia wa MITU. Kuna vibali vingine vilivyohitajika nje ya hapo, cha mamlaka ya dawa na cha chuo cha London, lakini mzazi aliyeelewa mfumo ana haki ya kuuliza kwa nini mpimaji na mpimwa wanatumia anwani moja. Swali hilo halitoki kwa mtu wa mumiani. Linatoka kwa mtu aliyeelimishwa vizuri, na wanaosema elimu italeta utulivu wajiandae nalo.

Kisha kuna wasichana wenyewe, ambao damu yao imeendelea kuchukuliwa hata baada ya mwaka wa 5. Waliridhiwa na wazazi. Aliyekuwa na miaka 9 mwaka 2017 anatimiza 18 mwaka 2026, na wale wa miaka 14 walikwisha kuvuka zamani. Kisheria ridhaa ya mama imeisha muda wake. Anayeombwa mkono kwa ajili ya sindano sasa ni mtu mzima anayestahili kuelezwa upya, kutoka mwanzo: aliangukia kundi gani, damu yake ya utotoni imehifadhiwa wapi, imepimwa nini na inaweza kupimwa nini kingine, na kama akitaka iharibiwe nani ataiharibu.